Vumbi la Risasi

Wakongo wa Hallunda, kule Sweden, walipotaka kumsema Maombi pasipo kumtaja jina, walisema yule mama wa bastola. Mwanzoni hawakumsema kwa ubaya. Kanisani aliimba sauti ya pili, kwenye misiba alitwanga majani ya sombe mpaka kiwiko kikamuuma, na mtu akichanganywa na barua ya Kiswidi alijua mlango wa kugonga. Lakini kila mtu alijua pia kwamba Jumamosi, wenzake wakielekea sokoni, yeye alishika njia ya stesheni na begi jeusi lenye kufuli, na ndani ya begi hilo mlikuwa na bastola ya milimita tisa ambayo polisi wenyewe walimpa kibali cha kuimiliki.

Alikuwa mzaliwa wa Uvira. Vita vilimkuta msichana, vikamvusha ziwa, vikamtupa kambini upande wa Kigoma, na huko ndiko alikoolewa na Firmin, kijana wa Bukavu mwenye maneno machache. Walipopokelewa Sweden, Firmin alipata kazi ya kuhudumia wazee. Maombi alisomea kukereza vyuma, akaajiriwa kwenye karakana moja ndogo ya Södertälje iliyotengeneza vipuri vya malori. Aliipenda kazi ile. Chuma kilikuwa kitu kisichobadilika usiku mmoja.

Hapo karakanani ndipo alipokutana na Okech, Mganda mwenye mvi aliyeingia nchi ile akiwa kijana, akiikimbia serikali ya kwao. Siku moja ya mwaka 2004, wakinywa kahawa, Okech alimwambia, "Kuna mchezo mimi nacheza. Unakimbia, unapiga shabaha, unabadilisha magazini, unakimbia tena. Kuna karatasi na kuna sahani za chuma. Mwenye kupiga vizuri na haraka ndiye mshindi."

"Mimi nimekwisha kukimbia vya kutosha," Maombi akasema.

"Pale hakuna anayekufukuza."

Neno hilo lilimkaa. Jumamosi moja akamfuata mpaka kwenye kilabu chao, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo kuukuu, vituo vichache vya treni kabla ya Rågsved. Mlio wa kwanza ulimtoa chumbani. Alikwenda kukaa korido, mgongo ukutani, na Okech hakumfuata kumbembeleza. Alipomaliza zamu yake alitoka, akamwona bado yupo, akamuuliza tu kama anataka kujaribu au warudi nyumbani. Maombi akasimama.

Kilichomshika hakuweza kumweleza mtu, hata mchungaji alipomuuliza. Tangu utoto mlio ule ulitoka upande wa pili wa ukuta, mikononi mwa mtu asiyemfahamu, na kazi yake yeye ilikuwa kulala kifudifudi na kusubiri. Sasa ulitoka pale alipotaka yeye, wakati aliotaka yeye. Ukinyamaza, ulinyamaza kweli.

Firmin hakuufurahia mchezo huo hata chembe. Siku kasha la chuma lilipofungwa kwa boliti ndani ya kabati lao la nguo, alisimama mlangoni akitazama.

"Tulikimbia bunduki, na wewe unaziingiza mu nyumba?"

"Zile zilikuwa za watu. Hii ni yangu, Firmin. Naijua mpaka mu tumbo yake."

Na alikuwa anaijua. Aliifungua, akasugua vyuma vya ndani kwa msasa laini kama ngozi ya mtoto, mpaka kifyatuo kikawa kinavutika bila kukwama, kama mtu anayevunja ukoko wa mkate. Akapanua mdomo wa mpini ili magazini iingie yenyewe hata mkono ukitoka jasho. Akachoma mistari midogo kwenye plastiki ya mpini kwa ncha ya chuma cha moto, isiteleze. Baada ya misimu miwili wanachama wengine walimletea zao, wakasimama pembeni ya meza ya kilabu wakimwangalia anavyofanya, maana sheria ya kule haikuachii silaha ya mwenzio uende nayo.

Baada ya bastola zikaja risasi zenyewe. Zile za dukani zilikuwa kali kupita alivyotaka, zinarusha mkono juu. Katika mchezo ule risasi hupimwa nguvu kwa mashine, ikiwa dhaifu unapoteza pointi. Maombi akatafuta kile kiwango kilicho juu kidogo tu ya mpaka, ambapo mkono unatulia na mashine inaridhika. Aliokota maganda matupu sakafuni baada ya mazoezi, akayasafisha, akayatia fataki mpya na baruti aliyoipima kwa mizani ndogo, akayafunga kwa kichwa alichokiyeyusha mwenyewe. Madini ya vichwa hivyo aliyapata kwa mafundi wa matairi, vile vipande vya kijivu wanavyobandika ili gurudumu lisiyumbe.

Mwanzoni aliyeyushia kwa Okech, kwenye kibanda cha bustani alichokikodi mzee huyo nje ya mji. Kisha majira ya baridi yakaingia, njia ya bustani ikazibwa na theluji, na Maombi akahamishia sufuria yake nyumbani, chini ya feni ya jikoni. Maganda aliyasafishia bafuni. Aliyatia kwenye pipa dogo la umeme pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, pipa likazunguka na kusugua, halafu akachekecha vyote juu ya beseni la kuogea, vumbi likipanda hadi kwenye taa.

Okech aliposikia alikunja uso. "Nyumbani usiyeyushe. Hata kuchekecha, chekecha nje. Lile vumbi si zuri."

"Ninafungua dirisha."

"Januari?"

"Ninafungua kidogo."

Okech akatikisa kichwa, mazungumzo yakahamia kwenye mashindano ya kiangazi.

Baridi hiyohiyo mimba yake ya kwanza iliharibika. Walilia, wakaombewa, wakaambiwa na mkunga kwamba haya hutokea sana na si kosa la mtu. Mwaka uliofuata Mungu akawapa Colombe.

Colombe alikuwa mtoto wa maneno. Kabla hajatembea vizuri alikwisha kuchanganya lugha za nyumba nzima. Babake alimsalimia kwa Kiswahili, naye akamjibu kwa Kiswidi cha shule ya watoto, "Pappa, titta!", Baba, tazama, akimwonyesha ndege, basi, kidole chake mwenyewe. Alipenda kukaa ndani ya beseni la kuogea lililokauka na kuchezea zile punje za magunzi zilizobaki kwenye kona. Aliziita mchanga wa mama. Akazimimina kutoka kiganja hiki kwenda kile, akalamba vidole. Maombi alimwona mara nyingi, akacheka, akamtoa, akampangusa kwa taulo.

Katika mwaka wa tatu wa uhai wake Colombe alianza kukataa chakula. Akalalamika tumbo. Kwenye kliniki ya watoto muuguzi alimbonyeza, akasema ni choo kigumu, apewe matunda na maji. Akawa mweupe midomoni, mkali, anapiga vitu. Kisha maneno yakaanza kupotea. Hayakwenda yote kwa pamoja. Asubuhi moja hakusema "titta", akaonyesha tu kwa kidole, na Firmin akadhani ana usingizi. Wiki chache mbele alikuwa akilia pale ambapo zamani angeomba. Maombi naye siku hizo alikuwa amechoka, vidole vina ganzi, majina ya majirani yanamtoka, akasema ni zamu za kazini.

Colombe alianguka wakati wa kifungua kinywa. Kijiko kilianguka kwanza, halafu yeye, mwili umekakamaa, macho yamegeuka. Firmin, aliyezoea wazee wenye kifafa, alimlaza ubavu na kumwimbia sikioni mpaka gari la wagonjwa likafika. Maombi alisimama ameshika bakuli la uji, hakuliweka chini hata walipokuwa wanateremka ngazi.

Hospitali walichukua damu. Walichukua tena. Jioni daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwaita kwenye chumba kidogo, Colombe amelala kitandani na mrija mkononi. Ingawa Maombi alijua Kiswidi, daktari alitaka mkalimani, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa zito na babake mtoto alihitaji kuelewa kila neno. Simu ikawekwa mezani. Mkalimani alikuwa Mtanzania, Kiswahili chake kimenyooka.

Daktari akasema. Simu ikafasiri, "Daktari anasema, mtoto ana risasi ndani ya damu. Ni nyingi, nyingi sana."

Kwao Bukavu madini ya risasi huitwa plomb, kwa Kifaransa. Firmin alijua risasi moja tu, ya bunduki. Alisimama hadi kiti kikaanguka, akafunua shuka, akapandisha fulana ya mtoto, akaanza kumpapasa mbavu, mgongo, makwapa, akitafuta tundu.

"Wapi? Iliingilia wapi? Maombi, ulipiga mtoto?"

Simu, kama kazi yake inavyoitaka, ikayageuza maneno hayo kuwa Kiswidi, sauti ileile iliyonyooka. Daktari akageuka kumtazama Maombi.

"Si masasi ya bunduki, Firmin," Maombi akasema. "Ni plomb. Madini. Iko kama vumbi."

"Plomb ya kutoka wapi?"

Firmin alimwangalia usoni, akashusha macho mpaka kwenye mikono yake, akairudisha fulana ya mtoto taratibu, akamfunika.

Yaliyofuata yalikwenda haraka na kwa adabu. Colombe aliwekewa dawa ya kuyatoa yale madini mwilini, dawa iliyomtapisha na kumliza. Watu wenye glavu walikuja Hallunda, wakapangusa nyumba kwa vitambaa vidogo na kwenda kuvipima. Madini yalikuwepo bafuni, kwenye zulia la jikoni, ndani ya viatu vya Maombi, kwenye mto wa Colombe. Yalikuwepo kwenye damu ya Maombi mwenyewe, na kidogo kwenye ya Firmin. Ofisi ya ustawi wa jamii ilituma mwanamke kijana aliyewahoji kwa upole. Maombi angependa amkaripie.

Okech alikuja kusaidia kutoa vitu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akiangalia ile mashine ya mkono ya kufungia risasi, iliyofungwa pembeni ya meza.

"Nilikuambia," akaanza, kisha akaikunja ile kofia. Alipoendelea sauti ilikuwa nyingine. "Nilijua unachekecha ndani. Nilijua una mtoto. Ningekuja nikuone, sikuja."

"Ulisema, mzee. Mimi ndiye sikusikia."

"Kusema tu ni nini," Okech akasema. Akainama kufungua boliti.

Bastola aliipeleka polisi mwenyewe. Afisa alimweleza kwamba angeweza kuiuza kupitia kwa muuzaji mwenye leseni, kwamba kwa ufundi ule isingekosa mnunuzi. Maombi akasema hapana, iharibiwe. Aliiweka kaunta, na kidole chake, bila yeye kukituma, kikapita juu ya ile mistari aliyoichoma kwenye mpini.

Firmin hakupiga kelele hata siku moja, na pengine ndivyo ilivyokuwa vibaya zaidi. Aliuliza swali moja tu, wakiosha vyombo, mtoto akiwa bado hospitalini.

"Na ile mimba ya kwanza?"

Maombi alikwisha kumuuliza daktari. "Alisema inaweza kuwa. Alisema sasa hakuna mtu anayeweza kujua."

Firmin akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelekezwa njia. Akamaliza sahani yake, akaipangusa, akaiweka mahali pake. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alihamia kwa binamu yake Rågsved. Hawakwenda mahakamani. Kila mwisho wa juma alikuja kumchukua Colombe.

Colombe alipona kwa kiasi cha kupona kwake. Degedege haikurudi. Maneno yalirudi machache, mazito, kila moja linatafutwa kama kitu kilichoanguka chini ya kitanda, na alipolikosa alijipiga kichwani kwa ngumi. Alipofika umri wa shule walimpa darasa dogo la watoto wanaohitaji kusaidiwa, na teksi ya kumpeleka. Kanisani hakuna aliyesema tena mama wa bastola. Walipunguza sauti tu akipita.

Siku moja Okech akampigia simu, akamwomba aje kilabuni awaeleze wanachama. "Mimi wamezoea kunisikia. Wewe watakusikiliza." Maombi alikataa, kisha akaenda. Alisimama mbele ya wanaume wa Kiswidi waliokaa kwenye viti vya plastiki, akawaeleza yote kwa lugha yao, beseni, magunzi, fulana iliyopandishwa. Walimsikiliza vizuri. Mmoja alifuta macho.

Alipomaliza, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Aliomba radhi kwanza. Alisema amesikia kwamba risasi zake zilikuwa laini kuliko zote na bado zikafaulu kipimo, akauliza alikuwa anatia baruti kiasi gani.

Okech akainuka nusu. Lakini Maombi alikwisha kuanza kujibu. Yeye aliyesahau majina ya majirani alikumbuka kila kitu, baruti aina gani, risasi ya urefu gani, jinsi chuma kinavyorudi mkononi kama salamu. Akaisikia sauti yake mwenyewe imepata joto, joto ambalo halikuwamo alipokuwa akisimulia habari za mtoto. Akakatiza katikati ya sentensi. Akachukua koti lake, akatoka.

Firmin alikuwa akimngoja na mtoto stesheni ya Hallunda, Colombe amesinzia begani.

"Walisikia?"

"Walisikia," Maombi akasema. "Mmoja aliuliza kipimo."

"Na wewe ulimwambia?"

Maombi akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Firmin akamtazama, akamkabidhi Colombe, akarekebisha kofia ya mtoto isimfunike macho, akarudi chini kupanda treni.