Kipande cha Mkate Nilichokitupa Leo

Jamani wa bweni, leo nimetupa mkate wa mtu maarufu.
Nabandika hapa ubaoni, msome wote.

Mwimbaji mmoja wa Kisovieti, anayependwa na Waukraine na Wakazaki pia, alikuja kula hotelini ninakoosha vyombo.
Akaacha kipande mezani. Nikakitupa, ndiyo sheria ya jikoni.

Akanifuata huko huko. Akakiokota kwenye pipa, akakibusu, akala.

Mkalimani akanieleza: mama yake, Mukraine, alihamishiwa Kazakhstan kwa nguvu na familia yake, njaa ikawabana. Jirani Mkazaki akawagawia mkate, ndiyo wakapona.

Nikasema samahani. Moyoni sikusikia kitu.

Mama yangu kule Tabora naye angeniokotesha.

Ninyi mlianza lini kutupa chakula? Andikeni hapa chini.
Mimi sikumbuki.