Barua ya Hospitali Niliyojifanya Nimeisoma

Mwaka 1976, masika yakiwa yameanza kushika, nami nikiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, nilisimama mbele ya watu wa nyumbani kwetu Sindeni nikadai nimesoma barua ambayo sikuielewa. Kosa ni langu. Sikulazimishwa na mtu, wala sikudanganywa na mtu.

Nilikuwa mjane tangu mwaka 1969. Sikupata shule utotoni. Nilianza kisomo cha watu wazima mwaka 1972, na mwezi Agosti 1975 nikapewa cheti. Mganga wa zahanati, aliyesimamia mtihani wetu, alinisifu mbele ya kijiji kizima. Tangu siku hiyo kila bahasha iliyoingia upande wetu ililetwa kwangu. Nilivaa miwani ya marehemu mume wangu hata nisipoihitaji. Kiburi gani kile!

Mdogo wangu, nitamwita Mwanaisha, alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Alikuwa na mume na watoto wawili. Alinionyesha mimi kwanza, kwa aibu, tukiwa tunapukuchua mahindi. Siku ya Alhamisi, tarehe 11 Machi, nilimpeleka hospitali Korogwe. Daktari alikuwa mgeni, Kiswahili chake cha kuokota, hivyo muuguzi ndiye aliyetufasiria. Walikata kipande kidogo cha nyama ili kipelekwe Dar es Salaam kupimwa.

Muuguzi alitueleza kwamba majibu yangekuja kwa barua, na kwamba barua hiyo tusikae nayo; tuifikishe zahanati siku hiyo hiyo, kwa kuwa zahanati, Korogwe na Dar es Salaam ni lazima waelewane kuhusu mgonjwa mmoja. Kisha akauliza kama nyumbani tunaye wa kutusomea.

Mwanaisha alicheka. "Huyu hapa dada yangu," akasema. "Hata katibu wa kijiji humwendea."

Usiku huo tulilala kwa ndugu zetu Kilole, na kesho yake tukarudi.

Barua ilifika Jumatatu, tarehe 12 Aprili. Shemeji yangu, mume wa Mwanaisha, aliipokea kwa katibu akaniletea ikiwa bado imefungwa, maana yeye hakujua kusoma kabisa. Ua ulikuwa umejaa: kaka yetu mkubwa, wake zake, na majirani wawili waliotoka shamba la kijiji na majembe yao mabegani. Nikavaa miwani. Nikafungua.

Ilikuwa ya Kiingereza.

Nilitambua vitu viwili tu: jina la mdogo wangu, na tarehe 27 Aprili. Watu wote walikuwa wakiningoja. Ningeweza kusema, "Lugha hii sikufundishwa." Maneno matatu! Badala yake nilipitisha macho mstari kwa mstari, nikageuza karatasi, nikakohoa kidogo, nikasema: "Hakuna la kutisha. Wanataka turudi Korogwe tarehe 27, wakaangalie kidonda."

Mwanaisha akashusha pumzi. Shemeji akanishukuru, ila akanung'unika kwamba tarehe hiyo itaangukia katikati ya palizi. Kumbukeni manung'uniko hayo. Baadaye yalimgeukia yeye.

Zahanati sikwenda. Ningekwendaje kwa mtu yule aliyenisifu, nikamwambia anisomee? Barua niliikunja ndani ya cheti changu, nikaifungia sandukuni.

Jumanne, tarehe 27 Aprili, tulifika Korogwe tukiwa tumelowa. Daktari alikuwa likizo. Muuguzi wa zamu hakuwa yule wa kwanza. Alitazama kidonda, kilikuwa kimefunga vizuri, kisha akaomba barua.

"Imesahaulika nyumbani," nikasema.

"Mama, bila barua mimi sijui daktari ameamua nini. Ileteni upesi, msingoje."

Njiani Mwanaisha aliniuliza, "Dada, ile barua ilisema hayo tu?"

"Hayo tu."

Mvua zikakata barabara. Zilipoacha, nilijipa sababu nyingine, na nyingine. Mwezi Julai uvimbe ulikuwa umefika kwapani na mkono wake wa kushoto umevimba hata bangili haitoki. Shemeji aliacha mavuno, akambeba kwenye lori hadi Korogwe. Daktari, ambaye alikuwa amerudi kazini, alimwuliza kwa nini wamekaa miezi mitatu na barua. Shemeji akajibu kwamba wao walifuata kilichosomwa. Daktari alitikisa kichwa na kusema kwamba kwa sasa hata Dar es Salaam wangeweza kumpunguzia maumivu tu.

Mwanaisha aliporudi nyumbani, mimi ndiye niliyemwuguza. Siku moja nikimkanda mkono, alisema taratibu, bila kunitazama: "Ungesema tu, dada. Tungemtafuta mwingine wa kutusomea."

Niliendelea kukanda.

Mwanaisha alifariki Ijumaa, tarehe 3 Septemba, katika mwezi wa Ramadhani.

Yamkini mngedhani hapo ningesema kweli. Sikusema. Kaka yetu alitoa neno matangani kwamba shemeji aliificha barua ili asipoteze mikono ya palizi. Shemeji alisema barua ninayo mimi. Kaka akanigeukia kuniuliza. Nikasema nilimrudishia mwenyewe siku ile ile. Nani angemwamini asiyejua kusoma dhidi ya mwenye cheti? Watu walianza kupita mbali na mlango wake. Hata kwenye shamba la kijiji alilima mstari wake peke yake. Kaka akaenda baraza la kata kutaka watoto waondolewe kwake.

Ndugu zangu mnaosoma haya, uongo wa kwanza niliusema kwa aibu. Huu wa pili niliusema kwa akili zangu timamu, nao ulikuwa unakwenda kuwanyang'anya watoto baba baada ya wa kwanza kuwanyang'anya mama. Ukipewa karatasi ya mgonjwa usiyoielewa, itoe kwa anayeielewa kabla jua halijatua. Heshima utakayoilinda kwa kuificha haitoshi hata kumfunika maiti.

Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1976, siku mbili baada ya arobaini, baraza lilikaa. Kaka alizungumza kwa muda mrefu. Shemeji alisema maneno machache tu: "Mimi sijui kusoma. Barua nilimpa dada. Na sasa naomba wanangu."

Mwenyekiti akaniita. Nilifungua fundo la kanga, nikatoa cheti, na ndani ya cheti nikatoa barua. Nikampa mwalimu wa shule ya msingi, nikasema aisome kwa Kiswahili, maana mimi sijawahi kuielewa.

Mwalimu akasoma. Mgonjwa ana saratani ya titi. Bado iko mahali pamoja. Kitanda kimetengwa Dar es Salaam tarehe 27 Aprili kwa upasuaji. Afike zahanati mara moja apewe kibali cha safari.

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu! Kaka aliinamisha kichwa. Shemeji alinitazama, akasema: "Dada, palizi ile ningeiacha."

Baraza likaamua: watoto wabaki kwa baba yao, kaka na mimi tumwombe radhi shemeji hapo hapo mbele ya watu, na jina lake lisafishwe kwa maandishi. Tukamwomba. Karani akaandika, akasoma kwa haraka, kisha akanisogezea kalamu nitie sahihi, huku akiuliza, kwa desturi tu, kama nimeelewa.

Kulikuwa na neno moja, la kisheria, lililonipita. Watu wote walikuwa wakiningoja, kama siku ile ya barua.

Nikaiweka kalamu chini.

"Nisomee tena, mwanangu," nikasema. "Hapo sijaelewa."