Bi Subiri na Programu ya Kupanga

Hebu mwone anavyokuja. Ni saa mbili kasoro asubuhi, mbele ya duka la dawa barabara imemwagiwa maji, naye anayavuka kwa hatua ndogo ndogo kama mtu aliyebeba mayai. Mkoba wake hauning'inii begani. Ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, na mtu akinyoosha mkono wa salamu, yeye hutoa kiwiko. Usidhani ana madaha. Ndani ya mkoba kuna diski moja ya kompyuta, haizidi kipande cha sabuni ya kufulia kwa ukubwa, na ndani ya diski hiyo imo nusu ya mtaa: waliooana, waliozaliwa, waliohitimu, na waliotangulia.

Wanamwita Bi Subiri. Jina hilo walimpa wateja, na amelichuma kwa jasho, maana hajawahi kubonyeza kamera kabla ya kulitamka neno hilo. Unakaa kwenye stuli, unanyoosha shingo, unapanga tabasamu, naye anasema subiri. Anakuja, anakuweka sawa kola. Anarudi kwenye kamera. Subiri. Anakuja tena, anakufuta jasho puani. Mshonaji wa chumba cha pili husema kuna mteja aliingia humo kijana akatoka na mvi. Lakini mshonaji huyohuyo, siku alipotaka picha ya kubandika mlangoni pa duka lake, hakwenda kwa mwingine.

Studio yenyewe ni chumba kimoja tu, hatua sita kwa nne. Upande huu kuna pazia la kijivu na taa mbili zenye miavuli. Upande ule meza, kompyuta, printa, na chini ya meza nyaya zilizosukana kama nywele za mtoto aliyekimbia kusukwa. Kwenye kompyuta, hakuna mteja aliyeandikwa kwa jina lake la serikalini. Mmoja ameandikwa Mwenye Kofia ya Buluu, mwingine Mama Pacha wa Kona, mwingine Aliyecheka Sana, na kuna folda moja inaitwa tu Huyu. Ukimuuliza Huyu ni nani, atakueleza mpaka viatu alivyovaa.

Kazi anayoipenda kuliko zote ni kufufua picha za zamani. Watu humletea vipande: picha iliyoliwa na mchwa, iliyokunjwa mara nne ndani ya pochi, iliyomwagikiwa chai. Yeye huipiga, huiingiza kwenye kompyuta, kisha huitengeneza kwa tabaka, kama mtu anayepanga karatasi za plastiki moja juu ya nyingine: tabaka la uso, tabaka la shati, tabaka la ukuta wa nyuma. Kazi ya namna hiyo huchukua siku mbili, tatu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametengeneza mia sita na arobaini.

Zote zilikuwa kwenye kompyuta moja kuukuu, iliyounguruma kama mashine ya kusaga. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo, na siku moja aliifungua, akapuliza vumbi, akatikisa kichwa kama daktari anayetafuta maneno. Akamwambia mashine hiyo ina roho ya paka, lakini hata paka hufa. Inunuliwe mpya. Tatizo ni kwamba programu ya kutengenezea picha, ile aliyoinunua mara moja tu ikawa yake, mashine mpya zilikuwa hazitaki hata kuiona. Iliyokuwepo sasa ilikuwa ya kulipia kila mwezi.

Bi Subiri hakugomba. Aliuliza swali moja: mwezi asipolipa, picha zake atazifungua?

Swali dogo, lakini hakuna aliyelijibu. Muuza kompyuta alimsifia mwangaza wa kioo. Alipopiga simu kwa wenye programu, dada wa upande wa pili alimsomea aya moja mara mbili, kisha akamshukuru kwa kupiga. Shemeji alisema jibu ni rahisi, alipe tu kila mwezi kama watu wengine.

"Shemeji, unaogopa nini?" akamtania. "Dunia nzima imeshahamia huko."

"Dunia nzima haikuachiwa picha ya marehemu baba wa mshonaji," alisema. "Kinacholipiwa kila mwezi ni cha kupanga. Mwenye nyumba akibadilisha kufuli, godoro langu linabaki kwa nani?"

Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka, na Bi Subiri alishaumwa. Mwaka wa kwanza wa kazi yake, alipiga picha za harusi ya mdogo wake wa kike. Akaziingiza kwenye programu, akaziona zimejipanga humo vizuri, akasema moyoni, basi, zimeshaingia. Akafuta zile za kwenye folda ili apate nafasi. Kumbe programu haikumeza kitu. Ilikuwa inamwonyesha tu vivuli vidogo vya picha ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezitupa. Alipotaka kuzichapa, bibi harusi alitoka na uso wa miraba midogo kama sakafu ya bafu. Mdogo wake alilia siku mbili, na mpaka leo akifika studio huuliza kwa upole kama anaweza kuonyeshwa picha za harusi yake.

Kwa hiyo alifanya jambo ambalo shemeji yake alilisimulia mtaani wiki nzima. Kompyuta mpya ilipofika, akachukua programu mpya kwa zile siku saba za majaribio za bure. Akatia picha thelathini za kila aina alizonazo. Akazitengeneza kwa uangalifu kana kwamba mteja anasubiri mlangoni, na kila alichokifanya akakiandika kwenye daftari. Siku ya nane programu ikamwomba alipe. Yeye akakunja mikono.

Shemeji alicheka mpaka akaegemea printa. "Watu hujaribu kitu waone kama kinafanya kazi. Wewe unakijaribu uone kikifa kitakuwaje."

"Ndugu utamjua siku ya msiba," akamjibu, akaanza kubonyeza moja baada ya nyingine.

Hivi ndivyo alivyokuta. Picha za asili, zilizotoka kwenye kamera na kulala kwenye folda zake mwenyewe, zilikuwa salama. Zile alizoongeza mwanga au kusafisha rangi ndani ya programu mpya, aliweza kuziona na hata kuzitolea nakala, ila vifaa vyote vya kutengenezea vilikuwa vimefungwa, kama duka ambalo mwenyewe ameketi ndani lakini hauzi. Zile za tabaka, zile za siku mbili tatu, hazikufunguka hata moja. Kilikuja kijisanduku cheupe chenye maneno ya adabu, kikimwomba alipe.

Hapo ndipo alipokaa kwenye stuli ya wateja. Picha mia sita na arobaini. Karibu zote za watu ambao hawatapigwa picha tena. Na miaka yote hiyo alikuwa anachapa, anampa mteja karatasi yake, anahifadhi faili la tabaka peke yake na kuendelea na kazi. Hilo ni kosa la mafundi picha. Mtu mwingine asingelifanya, kwa kuwa mtu mwingine asingeamini kiasi hicho kwamba kilichochapwa kimekwisha kuwa salama. Karatasi huliwa na mchwa. Yeye ndiye wa kwanza kulijua hilo, ndilo linalomlisha.

Njia ilikuwa moja. Kila picha ya tabaka ifunguliwe kwenye kompyuta kuukuu, ambako programu ya zamani bado ilikuwa yake, kisha itolewe nakala ya kawaida, ile inayofunguka hata kwenye simu ya jirani asiyekupenda. Na ifanyike kabla mashine haijakata roho.

Akaanza Jumatatu, saa mbili hadi saa nne, kabla ya wateja. Mashine ilikuwa ikifungua picha kumi, kumi na mbili, kisha inapata joto na kujizima. Akaielekezea feni. Akaitoa kifuniko. Wiki ya pili ikaanza kugoma hata kuwaka, mpaka apige magoti chini ya meza na kusukumasukuma waya. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hadi magoti yakachora sakafu. Shemeji alikuwa akipita kuchungulia, anamuuliza kama mgonjwa ameamka, halafu anaondoka na kicheko chake.

Asubuhi moja alipochungulia, picha iliyokuwa kwenye kioo ilikuwa ya mama yake mzazi, mkwe wa Bi Subiri: msichana mwembamba amesimama mbele ya ukuta wa matofali, na mgongoni amefungwa mtoto anayefanya uso wa hasira. Mtoto huyo alikuwa yeye. Karatasi yake iliishia tumboni mwa panya zamani, mkwe alipohama nyumba.

Kicheko kikakauka. Akasogea karibu.

"Hii ipo wapi kwingine?"

"Humu tu, shemeji."

Shemeji alikwenda kwenye karakana yake, akarudi na kifaa cha umeme alichokichomoa kwenye mashine nyingine iliyokufa, akavua shati la juu, akaingia chini ya meza. Tangu siku hiyo alikuwa akifika kabla ya mwenye studio, anamngojea mlangoni.

Zikabaki mia mbili. Zikabaki sitini. Mashine sasa ilikuwa inafungua picha tatu inazimika, wanasubiri ipoe, wanaanza upya. Mshonaji, aliyesikia kwamba ya baba yake bado haijafikiwa, aliacha cherehani, akaja na kifuniko cha boksi kuipepea. Wateja wa pasipoti walikuta watu wazima watatu wamezunguka kompyuta iliyo uchi, mmoja anapepea, mmoja ameshika waya, mmoja anahesabu kwa sauti. Mama mmoja aliuliza kwa heshima kama kuna mgonjwa. Akaambiwa yupo. Akaketi naye kusubiri.

Ya mwisho ilitoka siku ya Alhamisi, saa nne kasorobo. Bi Subiri hakushangilia bado. Aliituma kwenye simu ya mshonaji, simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, isiyojua programu yoyote ya picha. Ikafunguka. Baba wa mshonaji akawatazama wote watatu na masharubu yake kamili, hata yale ya upande wa kushoto ambayo kwenye karatasi ya zamani hayakuwepo. Mshonaji akaifunika simu kifuani, akatoka nje kidogo. Bi Subiri akaizima mashine mwenyewe, taratibu, kabla haijajizima, akaitandikia kitambaa safi. Halafu ndipo aliporuka, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, akamkumbatia shemeji yake na vumbi lake lote.

Siku iliyofuata akalipia programu mpya, tena kwa furaha. Tuseme ukweli, ni nzuri. Mkunjo wa karatasi uliokuwa ukimchukua asubuhi nzima, sasa huondoka kabla chai haijapoa. Ila aliweka sharti lake, amelibandika ukutani kwa herufi kubwa: KAZI HAIJAISHA MPAKA IFUNGUKE KWINGINE. Kila picha iliyokamilika hupata nakala ya kawaida, na nakala hiyo huenda kwenye diski mbili ambazo hazilali chini ya paa moja. Moja kabatini studio, nyingine kwenye mkoba uliouona.

Mwezi wa tano kadi ya benki anayolipia ikaisha muda wake, na mpya ikachelewa. Asubuhi moja akakuta kijisanduku cheupe kimekaa katikati ya kioo. Asubuhi hiyohiyo, kana kwamba mambo yalipangwa, akaingia binti mmoja macho mekundu, tiketi ya safari mkononi. Mama yake amefariki, wanazika kesho mbali, na picha nzuri pekee ni ile iliyofufuliwa hapa miaka mitatu nyuma. Gari linaondoka saa sita.

Shemeji alikuwepo. Aliona kioo, akashika kichwa, akaanza kutafuta namba za kupiga.

Bi Subiri hakugusa programu. Alifungua kabati, akachomeka diski, akasoma folda kwa kidole mpaka kwenye Mama wa Kanga ya Njano, akabonyeza mara mbili. Mama akatokea, ametulia, ameinua kidevu. Printa ikavuta karatasi kubwa. Binti aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, akasema, "Huyu ndiye mama." Akapewa na fremu. Ilikuwa bado saa nne haijatimu.

Programu ilirudi baada ya siku tisa, kadi ilipofika, na ikamkuta Bi Subiri hana kinyongo nayo. Siku hizi shemeji huwaeleza wateja wake umuhimu wa nakala za kawaida kwa maneno mengi na uso mzito, kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua jambo hilo, na Bi Subiri humwacha aseme. Yeye ana darasa lake dogo, Jumamosi asubuhi, bure. Watu huja na simu zao na kompyuta zao, anawaomba wazime mtandao, kisha kila mmoja afungue ile picha moja ambayo ikipotea hataweza kulala. Wapo wanaofungua mara moja wakacheka. Wapo wanaobonyeza, wakabonyeza tena, na picha haiji.

Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ukizima mtandao sasa hivi, yule wako atafunguka?