Landrova ya Nandagala

Mume wangu Elineema ana akili sana. Nasema hivyo mapema, mtu asije akadhani nimeolewa na mjinga. Anafundisha baiolojia hapa Nachingwea, kwao ni Same, na alipoamua kununua gari aliyaacha yote yanayotembea akaenda kutafuta lililokufa.

Ilikuwa lazima iwe Landrova ya zamani, ile ndefu, kama aliyoendesha baba yake kwenye shamba la mkonge. Baba mkwe amelala kitandani tangu Pasaka, macho hayaoni tena, na mwanawe alimwahidi kwa simu: "Baba, nitakuja nayo. Utaisikia ikiingia uani." Tangu siku hiyo mzee akipigiwa simu anauliza Landrova kwanza, wajukuu baadaye.

Basi Jumamosi zetu zikaishia kwenye kuitafuta. Tulioneshwa moja iliyoota mpapai kwenye siti ya dereva, na nyingine ambayo ilikuwa milango mitupu. Mwenye milango alitaka bei ya gari zima, kwa sababu eti vilivyopungua ni vitu vidogo vidogo.

Mwishowe tukaipata Nandagala, huko Ruangwa, kwa Mzee Severini, dereva mstaafu wa misheni. Ilikuwa imesimama nyuma ya jiko, bodi nzima, rangi ya kijani imepauka. Elineema aliizunguka akiipapasa hadi nikaona wivu. Alipotaka kufunua boneti, mzee akamshika mkono.

"Mwalimu, humo ndani kuku anaatamia. Kuku wa hivyo hafunuliwi na mgeni, mayai yataharibika."

Nikamwangalia mume wangu. Msomi wa baiolojia aliitikia kwa kichwa, tena kwa heshima zote, kisha akanigeukia kunielimisha juu ya joto la mayai. Akalipa hapo hapo, tukarudi nyumbani kusubiri vifaranga. Ndiyo, tulinunua gari kwa ruhusa ya kuku.

Mayai yalipoanguliwa tukakodi lori la kulibebea, tukaenda. Boneti ikafunuliwa. Ndani kulikuwa na majani makavu, maganda ya mayai, na chini yake ardhi ya Nandagala inaonekana vizuri kabisa. Injini hamna.

Elineema aliokota ganda la yai akaligeuzageuza. Mimi nikamgeukia mwenye gari. "Mzee, injini iko wapi?"

"Ilishauzwa siku nyingi, mama. Iko Mtua kwa Koleta, inasaga unga." Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani kama ingekuwemo, kuku angelala wapi?"



Tukapakia bodi kwenye lori, tukaenda Mtua. Kweli, ndani ya kibanda cha Koleta injini ilikuwa inanguruma, imefungwa mkanda wa mashine, imejaa unga kila mahali. Nje akina mama wamepanga ndoo zao. Elineema akasema anataka kuinunua. Koleta hata hakuzima mashine.

"Nikikuuzia, hawa wakale gari lako?" aliuliza, akaendelea kumimina mahindi.

Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtosha mume wangu njia nzima mpaka nyumbani. Ila nilipomwona amesimama pale, unga unamwangukia kichwani, roho ikaniuma. Akatoa simu, akampigia baba yake, akaisogeza karibu na injini bila kusema neno. Kisha akatoka nje akaweka spika, nami nikasogea.

Baba mkwe alikuwa analia.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Nimeisikia. Mmefika wapi, mwanangu? Korogwe mmeshapita?" Halafu tukamsikia akimwambia mama mkwe abandike maji ya kuogea wageni.

Elineema alinitazama.

"Bado kidogo, baba," alisema.

Nikamwomba Koleta atutunzie bodi. Sikungoja mume wangu aseme lolote. Nilipanda mbele kwenye lori, nikamwambia dereva atupeleke stendi ya mabasi, tuanze safari ya Same.