Kipaza Sauti cha Sokoni

Fundi cherehani alimjua mtangazaji wa soko kwa mikono yake. Kila asubuhi mtangazaji alipangusa kipaza sauti kwa leso, kama mtu anayemfuta mtoto uso, kisha akatangaza kwamba mvua zinakaribia, shule zinafunguliwa, na watu wasile mpaka akiba. Bila kile chombo sauti yake ilikuwa ndogo, ya mgonjwa. Msimu huu wa mavuno, pesa zikiwa zimejaa kwenye simu za watu, hakuwa na raha; simu yoyote ikiita, leso inamdondoka.

"Matapeli wamerudi, jamani! Namba ya siri usimpe mtu, hata akikulilia!"

Leo alikatiza neno katikati. Fundi akafuata macho yake: kule kwenye mafungu ya nyanya, mama mzazi wa mtangazaji, simu sikioni, anaitikia kwa heshima zote. Kisha akaishusha, akaanza kubonyeza.

"Mama! Usibonyeze! Mama!"

Mtangazaji alipopaza hivyo kwenye kipaza sauti, mguu wa fundi ukaganda kwenye cherehani. Soko zima, kila mwanamke aliyeshika simu akaondoa kidole, akageuka kwa hofu. Mama wa mtangazaji tu, ambaye masikio yake yalishakuwa mazito, ndiye aliyeendelea kubonyeza.