Kunde za Pongo

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ambayo huikumbuka kila ninapomwona kijana amekaa huku goti linamtikisika. Goti lako nimeliona tangu ulipoingia. Usilifunike, mimi nilikuwa nalo kama hilo, na uzee wote huu haujalituliza sawasawa. Sogeza hicho kigoda, umenye karanga hizi pamoja nami, walau mikono yako ipate kazi wakati nasema.

Nilikuwa mwali, tayari nimechumbiwa. Vita kubwa ya Wazungu ilikuwa imekwisha miaka kadhaa nyuma, na sisi tulikaa Mlali, pale milima ya Uluguru inapoishia na tambarare kuanza. Mchumba wangu, Fransisi, alikuwa mtu wa Matombo, upande wa pili wa milima. Matangazo ya ndoa yalikwisha kusomwa kanisani na padri alishatupangia Jumamosi yetu. Ilibaki karamu tu, na hiyo karamu ndiyo iliyokuwa ikiniondolea raha.

Masika ile mbuzi wetu walikufa kwa ugonjwa. Kuku nao wakapitiwa na kideri, tukabaki na jogoo mmoja aliyewika kila alfajiri kana kwamba anatucheka. Sasa Fransisi alikuwa na mama yake mkubwa, Mama Veronika, mwanamke mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Huyo alikuwa amemwambia mshenga waziwazi kwamba hachukui mwali kwenye nyumba inayopokea wageni kwa ugali mkavu. Kama nyama haipo, harusi isubiri mavuno mengine. Na Fransisi alikuwa amekwisha kuandikwa kazi kwenye mashamba ya mkonge, huko Kimamba. Kijijini kwetu walikuwapo wasichana walioambiwa na watu wa mkonge "ningoje kidogo", na walikuwa bado wanangoja, nywele zinaanza kubadilika rangi. Niambie wewe, ungetulia?

Kwetu Waluguru mambo ya mwali ni ya mjomba wake, kaka wa mama, maana ardhi na ukoo tunavipata kwa mama. Wangu aliitwa Mjomba Mloka. Alikuwa mfupi, mtafuna tumbaku, na alitembea kama mtu aliyebeba chungu cha maji kichwani. Aliniita "mama" kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Nilimpenda, lakini mwendo wake ulinichosha roho. Ukimwuliza jambo asubuhi, jibu ungelipata wakati wa kuanua nguo.

Mwishoni mwa masika, watu wanapalilia mahindi kwa mara ya mwisho, nilimkuta bondeni, pale shamba letu linapokutana na pori, anapanda kunde.

"Mjomba, shikamoo. Kunde wakati huu?"

"Marahaba, mama. Hii ndiyo nyama yako, naipanda."

Nilidhani ameanza kuchanganyikiwa. Lakini alijua anachofanya. Serikali ilimpa kibali cha gobori, na msimu wa kuwinda ulikuwa baada ya mavuno, majani yanapokauka na mashamba kubaki mabua matupu. Wakati huo, alisema, pongo hushuka kutoka msituni kutafuta chochote kibichi. Huenda hujawahi kumwona pongo: ni jamaa ya swala, mwekundu kama udongo wa matofali, ubavuni ana madoa meupe, na dume ana pembe zilizojisokota. Hutembea peke yake, na woga wake ni mkubwa kuliko mwili wake. Kunde zilizopandwa kwa kuchelewa, mahali penye unyevu, zingekuwa ndicho kijani pekee bonde zima.

Kazi ya kuzitunza alinipa mimi. Nilitakiwa kuchuma majani kwa ajili ya mboga yetu kila asubuhi, ncha tu, ili mmea utoe matawi mengine laini. Mistari ya upande wa pori nisiiguse, iachwe izae. Nisiingie na kijinga cha moto, nisiimbe, na nikimwona pongo nisimkimbilie wala nisimkimbie, niendelee kuchuma. Shamba alilizungushia uzio wa miba, imara kila mahali, isipokuwa sehemu moja inayotazama pori. Hapo aliacha pengo la upana wa mlango.

"Azoee kwamba hapa hapana jambo," alisema. "Azoee mpaka asahau kutega masikio."

Mahindi yalipovunwa, nyayo zikaanza kuonekana penye pengo, kwato ndogo zilizochongoka. Siku ya kwanza kuziona nilipanda mlima mbio hadi kwa Mjomba, nikafika sina pumzi. Nikamwambia achukue gobori twende. Akatema tumbaku, akasema bado. Siku nyingine nikamwona pongo mwenyewe, dume, sikio moja limechanika. Alisimama ndani ya kunde akinitazama huku anatafuna. Nikaendelea kuchuma, naye akaendelea kula. Nikaenda tena kwa Mjomba. Bado.

Baruti ilikuwa ya mlio mmoja tu, unaelewa? Mjomba alitaka mnyama awe karibu kiasi cha kumgusa kwa fimbo. Mimi nilijua hilo, na kujua hakukunisaidia kitu. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Nilikwenda kisimani mitungi ikiwa imejaa. Mama aliniambia kwamba nikiendelea hivyo nitaolewa nikiwa nimekonda kama ufito.

Kaka yangu Aloisi alikuwa na hali mbaya kuliko yangu. Alikuwa na mbwa wawili, mkuki mpya, na miguu isiyojua kukaa chini. Kila jioni alimzunguka Mjomba kwa maswali. Hatimaye Mjomba akamjibu kwamba atampiga pongo Alhamisi, jua likizama, upepo ukitoka porini. Wageni wangefika Ijumaa, na Jumamosi twende kanisani. Kwa Mjomba hiyo ilikuwa hesabu safi. Kwa Aloisi ilikuwa kucheza na aibu ya dada yake.

"Asipokuja hiyo Alhamisi je?" aliniuliza.

Nikachukua ufagio. Swali hilohilo nilikuwa nikijiuliza wiki nzima.

Jumatano mchana nilikuwa natwanga, nikasikia mbwa wakibweka bondeni. Nikauacha mchi ndani ya kinu nikakimbia. Aloisi alikuwa amewaingiza mbwa kwa upande wa juu, akakaa penye pengo na mkuki wake ili pongo akitoka amchome. Kilichotokea ni kwamba pongo hakulitaka pengo. Aliruka, akapasua mistari ya kunde kutoka mwanzo hadi mwisho, mbwa wakimfuata, akauvunja uzio upande wa mto na kupotelea kwenye magugu mazito. Mbwa wakarudi ndimi nje. Aloisi alisimama katikati ya matawi yaliyong'oka, mkuki mkononi, hana wa kumchoma.

Nikakaa chini nikalia, mwanangu. Nililia kwa sauti, bila aibu. Nilikuwa nikimwona Fransisi anapanda gari moshi kwenda kwenye mkonge, nami nabaki na jogoo wetu.

Mjomba Mloka akaja kwa mwendo wake uleule. Akalitazama shamba, akautazama uzio, akainama akaokota tawi lililokatika na kulipeleka puani. Aloisi akaanza kujieleza: alitaka kusaidia, muda ulikuwa unakwisha, yeye ni kaka.

Mjomba akamwacha amalize, kisha akasema, taratibu kabisa, "Aloisi, wewe hukuwa na njaa ya nyama. Mwenye njaa ya nyama angengoja kesho. Wewe ulikuwa na njaa ya kumaliza."

Hakusema zaidi kwake. Akanigeukia mimi.

"Mama, futa machozi. Chuma."

"Nichume nini, Mjomba? Kwisha."

"Chuma hizi kunde kabla hazijanyauka. Zote zilizovunjika, majani na maganda. Mwite mama yako, waite na majirani. Aloisi atabeba."

Tukachuma mpaka giza likaingia. Mistari ile ya upande wa pori, niliyokatazwa kuigusa, ilikuwa imezaa maganda manene, mengine mabichi, mengine yamekauka tayari. Sikuwa najua kwamba zilikuwa nyingi kiasi kile, kwa kuwa kila nilipoingia mle macho yangu yalikuwa yakimtafuta pongo. Vikapu vikajaa, tukatandika mikeka, ikajaa nayo. Tukafunga na magunia. Mama alinitazama, akaguna, akaenda kukaanga karanga.

Ijumaa jioni wageni walifika, wamechoka na vumbi la lori. Mama Veronika alikuwa mbele. Tuliwaamkia, tukawanawisha, wakakaa kwenye mikeka. Mimi nilifichwa ndani kama desturi ilivyotaka, lakini jicho langu lilikuwa kwenye upenyo wa mlango. Mama alikuwa amepika mchele wote uliokuwamo ndani. Kunde alizichemsha na kuziunga kwa karanga, na majani yake akayatwanga akayapika peke yake, kwenye vyungu vikubwa vya kuazima.

Mama Veronika akafunua sahani ya kwanza. Akafunua ya pili. Akanyanyua kichwa.

"Kitoweo kiko wapi?"

 Aloisi, aliyekuwa ameshika birika la maji ya kunawa, akaanza kumnawisha mgeni aliyekwisha kunawa.

Mjomba Mloka hakuharakisha hata hapo. Alisogeza tumbaku yake upande wa pili wa shavu.

"Kitoweo kilikuwa pongo, dada yangu. Alikimbia juzi. Hicho kilicho mbele yako ndicho alichokuwa anakula."

Mama Veronika akaitazama sahani. Akamtazama Mjomba. Akachota kidogo, akaonja, akatafuna kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Alikuwa anakula hiki kila siku?"

"Tangu mahindi yavunwe."

"Basi huyo pongo wenu anatunzwa kuliko mimi," akasema, akasogeza sahani karibu. "Kwangu wananipa ndizi za kuchemsha asubuhi na jioni."

Akacheka yeye kwanza, na kwa sauti ile aliyokuwa nayo uwanja mzima ukamfuata. Wakala. Mama alipeleka vyungu mara nyingi, vikarudi vitupu. Baadaye nilimsikia Mama Veronika akiuliza ni nani aliyezitunza kunde hizo, Mjomba akasema ni mwali mwenyewe, alikuwa akichuma asubuhi na pongo anakula pembeni yake. Naye akasema angependa kupata mbegu. Nilipiga magoti palepale nyuma ya mlango, nikamshukuru Mungu huku nalia tena, safari hii kimyakimya.

Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, shangazi zangu wakiwa wananitafuta wanivishe, mimi nilikuwa bondeni. Unacheka. Miguu ilinipeleka. Nilitaka kuaga lile shamba, au labda sikujua nataka nini. Uzio upande wa mto ulikuwa umeshazibwa. Lile pengo la upande wa pori lilikuwa limeachwa wazi, na penye pengo palikuwa na nyayo mbichi, bado zina umande. Ndani, kwenye matawi machache yaliyosalia, ncha zilikuwa zimekatwa vizuri, kama nilivyokuwa nikizikata mimi.

Nikakimbia kwa Mjomba na nguo za nyumbani. Nilimkuta ananoa wembe ajinyoe kwa ajili ya kanisa.

"Mjomba, amerudi! Na baruti unayo. Chukua gobori."

Aliniangalia. Halafu akarudi kwenye wembe wake.

"Wageni wameshakula, mama. Mwache naye ale."

Nilisimama pale na miguu yangu, nikatambua kwamba nyama sikuwa naihitaji tena. Nilikuwa nimekimbia kwa sababu nilizoea kukimbia. Kisha shangazi zangu wakanikamata.

Fransisi alikwenda kwenye mkonge akiwa mume wangu, na akarudi. Mbegu za kunde alinibebea Aloisi mwenyewe hadi Matombo, kichwani, njia nzima, na hakuna aliyemwagiza. Yule pongo hatukumpiga, ingawa mume wangu aliwapiga wengine wawili watatu miaka iliyofuata, kwa namna ya Mjomba, kwa kungoja, na tulikula tukashukuru. Sikufundishi kumwonea huruma kila mnyama. Shamba ni shamba na sufuria ni sufuria.

Ninalokuambia ni hili, mwanangu. Jambo likikusukuma usiku na mchana, keti ujiulize kama unalitaka lenyewe au unataka tu liishe likuondoke kifuani. Ukiona unataka liishe, usiwafungulie mbwa. Na kila unapopanga kupata kitu, kiwe kazi, kiwe mke, kiwe mume, tumia njia ambayo itakulisha hata kama hicho kitu kitaruka uzio. Mjomba angeweza kutega kwa chumvi au kuchimba shimo. Alitega kwa kitu ambacho sisi wenyewe tungekila, na ndicho kilichoniozesha.

Naona goti lako limetulia. Langu bado, ila nimelizoea. Haya, nenda. Mungu akupe shamba lenye unyevu wakati wenzako wanalia ukame, akupe ujasiri wa kuacha pengo kwenye uzio wako, na wote watakaokuja kwako, wa kutoka njiani na wa kutoka porini, waondoke wameshiba. Karanga ulizomenya chukua nyumbani.