Mabati ya Mjane

Wakati wa vita vya Uganda baba alivuka mpaka wa Mutukula na mgambo, akarudi mzima, tukamchinjia mbuzi. Miaka ilipita, akaanza kukonda na kuharisha, akafia nyumbani kwetu karibu na Nshamba. Majirani walisema ni silimu, yaani UKIMWI, hata chakula cha msibani hawakukigusa. Halafu mama naye akaanza kukohoa.

Ndipo ukaja mradi wa wajane. Katibu wa kata alipita asubuhi kutuambia kwamba wageni wa ng'ambo wangefika, na wakiridhika wangetuezekea nyumba kwa mabati. Mama alioga, akavaa gauni lake la kanisani, akanituma nifagie uwanja.

Katibu aliporudi alimtazama, akasonya.

"Umependeza mno, mama. Nani atamhurumia mtu wa hivi? Vua. Vaa kanga iliyochakaa, ukae hapa nje, chini."

"Nina homa, katibu. Na mvua inakuja."

"Ukitetemeka ndiyo vizuri."

Nilimwomba Mungu mama akatae. Mama aliangalia paa letu la nyasi, lililokuwa likimvujia mdogo wangu kitandani, akaingia ndani kubadilisha nguo.

Manyunyu yalianza kabla magari hayajafika. Wageni walimpiga picha akiwa amekaa kwenye majani ya migomba, meno yakigongana. Mwanamke mmoja wa Kizungu alivua koti lake amfunike. Katibu akamzuia kwa upole, akasema mila zetu haziruhusu.

"Hakuna mila kama hiyo," mama alisema kwa Kihaya. "Mwambie anipe."

"Anashukuru sana," katibu akamtafsiria mgeni.

Mama hakuinuka tena kitandani. Tulimzika kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, kando ya baba.

Mabati yalikuja kweli. Alikabidhiwa baba mdogo, kwa kuwa ndiye mkubwa wa familia, na picha zikapigwa tena. Wiki hiyohiyo alituita mimi na mdogo wangu.

"Kibanja ni cha ukoo, na nyie ni wasichana. Nendeni kwa ndugu za mama yenu."

Mama mdogo alituchukua kwake Kahororo, mjini Bukoba. Likizo ya kwanza tulirudi kupalilia makaburi. Nyumba yetu ilikuwa imebomolewa, na mabati yaling'aa juu ya zizi la baba mdogo. Tuliomba maji. Mkewe alituletea kikombe kimoja, tukanywa kwa zamu. Tulipomrudishia, alikishika kwa jani la mgomba, akakitupa shimoni.